ZIBA UFA, USIFUNGIE MOTO NDANI

Somo la afya: Kujikinga na baridi nyumbani

Ifikapo mwezi wa Juni, baridi huingia Umatengo. Asubuhi ukungu hufunika ngoro na mashamba ya kahawa. Jioni upepo huvuma kutoka milimani. Usiku watoto hujikunyata chini ya blanketi moja. Wazee hulalamika magoti na kifua. Hali hii huendelea mpaka Agosti.

Kwa nini Mbinga kuna baridi, na Mbamba Bay, ambako si mbali, kuna joto? Sababu ni urefu wa mlima. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika milima ya Umatengo wako watu wanaoishi juu ya mita 1,500. Basi mtu wa milimani anaishi zaidi ya mita 1,000 juu ya mvuvi wa ziwani. Ndiyo maana mvuvi anatafuta upepo, na mkulima wa kahawa anaukimbia.

Baridi si jambo la kudharau. Lakini iko hatari kubwa kuliko baridi yenyewe. Hatari hiyo ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku. Katika somo letu la leo tutajifunza mambo matatu:

1. Kwa nini jiko la mkaa huua watu wakiwa wamelala.
2. Jinsi ya kuitengeneza nyumba ishike joto bila moto.
3. Jinsi ya kupunguza gharama za kuni, mkaa na umeme, na mahali pa kuuliza msaada.

USIKU MMOJA WA JULAI

Tuchukue mfano. Binti mmoja amejifungua juzi. Mama yake amekuja kumtunza. Jioni mama anawasha jiko la mkaa uani. Anasubiri moshi uishe. Mara anapita mhudumu wa afya wa kijiji.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetukuta tunajitayarisha kulala. Nangoja mkaa ukolee, nimwingizie mzazi chumbani."

"Jiko hilo litalala humo, mama?"

"Ndiyo. Mtoto bado mchanga. Baridi hii itamdhuru. Wala halina moshi tena. Tazama, limekuwa jekundu."

"Moshi umekwisha, mama, lakini sumu haijaisha."

"Sumu gani? Sisi tumekulia penye moto. Bibi yangu alilala na moto katikati ya nyumba mpaka akazeeka."

"Ni kweli, mama. Nyumba ya bibi iliezekwa kwa nini?"

"Kwa nyasi."

"Na hii?"

Mama akatazama juu. "Kwa bati."

"Na nyufa za dirisha?"

"Tumeziziba kwa matambara, upepo usiingie."

"Basi hewa itapita wapi, mama?"

Mama akanyamaza. Akalitazama jiko, kisha akautazama mlango wa chumba alimolala binti yake.

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo kiini cha somo letu. Mama huyu hakukosea kumwogopa baridi. Anampenda mjukuu wake. Lakini desturi ya moto ilianza katika nyumba za aina nyingine. Nyumba ya nyasi ilikuwa na matundu mengi. Moshi ulipenya katika nyasi ukatoka. Hata hivyo wazee wetu hawakupona kabisa. Wengi waliumwa macho na kukohoa kwa sababu ya moshi. Leo tumejenga kwa matofali ya kuchoma na bati. Tumeweka milango na madirisha yanayofunga vizuri. Hayo ni maendeleo. Lakini nyumba imebadilika, na desturi ya moto haikubadilika. Hapo ndipo kifo kinapoingia.

SUMU ISIYOONEKANA

Moto unahitaji hewa. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa, hewa safi hupungua. Mkaa hutoa hewa yenye sumu. Wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Sumu hii haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho. Ndiyo maana mtu hawezi kuitambua. Jiko lililokolea likawa jekundu bila moshi bado linaitoa.

Sumu hii hufanyaje kazi? Damu yetu huchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na viungo vyote. Fikiria gari linalochukua abiria. Hewa safi ni abiria halali. Sumu ya mkaa huwahi viti vyote na kukataa kushuka. Nguvu yake ya kushikamana na damu ni zaidi ya mara 200 ya nguvu ya hewa safi. Basi damu inazunguka mwilini, lakini haina hewa safi. Ubongo unakosa hewa. Mtu analegea, analala usingizi mzito, na asipookolewa anakufa.

Wanaodhurika upesi ni hawa: watoto wachanga, wajawazito na mtoto aliye tumboni, wazee, na watu wenye ugonjwa wa moyo au mapafu.

Zitambue dalili:

– Kichwa kuuma
– Kizunguzungu
– Kichefuchefu na kutapika
– Mwili kulegea, miguu kukosa nguvu
– Kuchanganyikiwa
– Kuzimia

Dalili hizi hufanana na malaria. Lakini ukiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa wakati mmoja, na ndani mna jiko, fikiria sumu ya mkaa kwanza. Usianze kutafuta mchawi. Familia nzima ikikutwa imekufa kitandani, na pembeni pana jiko lenye majivu, aliyewaua ni sumu ya mkaa. Hakuna jirani wa kulaumiwa.

Fanya hivi upesi:

1. Fungua milango na madirisha yote. Usikae ndani kwa muda mrefu, usije ukaanguka nawe.
2. Watoe watu wote nje kwenye hewa safi. Wafunike nguo wasipate baridi.
3. Litoe jiko nje.
4. Aliyezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi.
5. Wapeleke wote kituo cha afya au hospitali bila kuchelewa, hata wanaosema wamepata nafuu. Mweleze mganga kwamba ndani kulikuwa na jiko la mkaa.

Watu wengine humnywesha mgonjwa maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hii, kwa sababu haimo tumboni. Imo katika damu. Tena aliyezimia akinyweshwa kitu chochote anaweza kupaliwa na kufa. Dawa yake ni hewa safi, na hospitali yenye hewa ya oksijeni.

Kumbuka pia: kuni, pumba, magunzi na makaa ya mawe hutoa sumu hiyohiyo. Wilaya ya Mbinga ina makaa ya mawe. Huko Ngaka yalianza kuchimbwa kwa wingi mwaka 2011. Makaa hayo ni ya viwandani. Usiyaokote kuotea moto ndani ya nyumba. Moshi wake ni mbaya zaidi kwa mapafu.

KWANZA TOA MOTO, NDIPO UZIBE

Sasa utauliza: "Nikiliacha jiko nje, nitapata wapi joto?"

Jibu ni hili. Miili ya watu waliolala hutoa joto usiku kucha. Ukuta uliopigwa na jua mchana una joto pia. Lakini joto hilo linatoroka. Linatoka kwenye nyufa za ukuta, chini ya mlango, na zaidi kupitia bati. Bati hupoa upesi jua likizama. Ukiweka mkono wako chini ya bati alfajiri, utajua. Nyumba isiyo na dari ni kama chungu kisicho na mfuniko.

Nchi za baridi zimelijua jambo hili. Mwaka 1976 Marekani ilianzisha mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini kuziba nyufa na kutengeneza nyumba zishike joto. Sababu yake ni rahisi. Fedha za kununua moto huisha kila mwaka. Ufa ukizibwa vizuri hubaki umezibwa miaka mingi. Wahenga wetu walisema kabla yao: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini ushike utaratibu. Kwanza toa moto, ndipo uzibe. Ukiziba nyufa na jiko limo ndani, umejichimbia kaburi.

Fanya kazi hii mwezi wa Mei, kabla baridi haijaanza:

1. Kagua nyumba. Simama ndani mchana, funga mlango na madirisha. Popote unapoona mwanga, hapo upepo hupita. Weka alama kwa mkaa.

2. Ziba nyufa za ukuta. Tumia udongo wa kichuguu. Ukande kwa maji pamoja na nyasi kavu zilizokatwa fupifupi, usije ukapasuka. Lowesha ufa kwanza, kisha kandika. Ukikauka, angalia tena na kurudia.

3. Ziba chini ya mlango. Shona mfuko mrefu wa kitambaa, ujaze mchanga au pumba, uulaze chini ya mlango kila usiku. Kazi hii hata mtoto wa shule anaiweza.

4. Weka dari katika chumba cha kulala. Mwenye uwezo ataweka mbao. Asiye na uwezo atumie mianzi, matete au mikeka. Hata mifuko ya salfeti iliyooshwa na kushonwa pamoja hufaa. Acha nafasi kati ya dari na bati. Hewa iliyotulia hapo huzuia joto lisitoroke. Dari ya namna hii hushika moto upesi. Usiweke kibatari wala mshumaa karibu nayo.

5. Inua malazi. Usilale juu ya sakafu tupu. Udongo na saruji hunyonya joto la mwili. Kitanda cha miti kinatosha. Chini ya mkeka weka majani makavu au magunia makavu. Watu wengi hujifunika vizuri juu na kusahau chini.

6. Tumia jua. Asubuhi jua likitoka, fungua madirisha. Anika blanketi na magodoro. Nguo yenye unyevu haina joto. Saa kumi jioni, kabla ukungu haujashuka, funga.

7. Panda miti upande unaotoka upepo. Safu mbili za miti hupunguza nguvu ya upepo kabla haujafika ukutani. Panda mbali kidogo ili mizizi isivunje msingi na mti usiangukie bati.

Usizibe kila kitu. Acha matundu madogo ya hewa juu ya ukuta, upande usio na upepo. Pumzi za watu zinahitaji kutoka. Chumba kisichopitisha hewa huwa na unyevu na ukungu wa ukutani. Tena ugonjwa wa kifua kikuu huenea kwa urahisi humo.

MTOTO MCHANGA NA MZEE

Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Lakini mama yake ana joto la kumtosha. Mvue mtoto, abaki na nepi na kofia. Mlaze juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi. Wafunike wote wawili kwa blanketi, uso wa mtoto ukiwa wazi. Hospitali hutumia njia hii kuwalea watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Joto hili halina moshi wala gharama. Mama akitaka kulala usingizi, baba au bibi anaweza kumpokea mtoto kifuani kwa namna hiyohiyo, akiwa macho.

Usimwogeshe mtoto katika saa 24 za kwanza. Baada ya hapo, mwogeshe mchana kwa maji ya vuguvugu, na umkaushe mara moja.

Moshi na msongamano humletea mtoto homa ya mapafu. Ukiona mtoto anapumua haraka haraka, mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usingoje asubuhi.

Mzee naye atazamwe. Mpe soksi, kofia, uji wa moto jioni na malazi yaliyo mbali na mlango. Akitaka kuota moto, aote jikoni au uani kabla ya kulala. Asiachwe peke yake karibu na moto, maana blanketi hushika moto upesi.

NDUGU ZETU WA ZIWANI

Msomaji wa Liuli, Lituhi au Mbamba Bay atasema: "Somo hili ni la Wamatengo. Sisi wa Wilaya ya Nyasa tunaumia kwa joto." La, ndugu. Wilaya ya Nyasa iligawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012, lakini moshi haukugawanywa.

Kwanza, dari inayozuia joto lisitoke usiku kule mlimani ndiyo inayozuia jua lisiingie mchana huku ziwani. Bati likipigwa na jua, chumba chenye dari hubaki na nafuu. Tena dari hupunguza mbu wanaoingia juu ya ukuta. Madirishani weka wavu wa kuzuia mbu badala ya kufunga kabisa, na ulale katika chandarua chenye dawa.

Pili, wako wanaobanika samaki kwa moshi. Banda la kubanikia lijengwe mbali na nyumba, upande ambao upepo hautaleta moshi vyumbani. Usilale humo kulinda samaki. Siku za mvua na upepo wa kusini, wengine huingiza moto ndani ili samaki wasiharibike. Samaki wakiharibika umepata hasara. Mtu akifa, hasara hiyo hailipiki.

KUNI CHACHE, MOSHI KIDOGO

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa magonjwa yatokanayo na moshi wa majumbani. Wengi wao walikuwa katika nchi kama zetu, ambako kina mama hupikia kuni wakiwa na watoto mgongoni.

Mafiga matatu hupoteza joto kubwa pembeni. Jiko bora la udongo hufunika moto na kulielekeza joto kwenye chungu. Lina mlango mmoja wa kuni, na bomba la kupeleka moshi nje ya paa. Jiko lililojengwa vizuri hupunguza kuni kwa theluthi moja au zaidi. Tupige hesabu. Kama ulikwenda kutafuta kuni mara 9 kwa mwezi, sasa utakwenda mara 6. Umeokoa safari 3. Ukinunua kuni, umeokoa fedha za mizigo 3.

Ongeza mambo haya madogo:

– Choma kuni kavu zilizopasuliwa. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi.
– Loweka maharage tangu jana yake.
– Funika chungu.
– Ukipogoa kahawa, kausha matawi yake yawe kuni. Hapo msitu unapumzika.

HESABU YA UMEME

Mwaka 2018 Mkoa wa Ruvuma uliunganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia kubwa ya umeme kutoka Makambako hadi Songea. Kabla ya hapo mkoa ulitegemea sana majenereta ya dizeli. Watu wengine wamepata umeme wakadhani sasa wataotea hita usiku kucha. Tupige hesabu kabla ya kununua hita.

Mteja mdogo wa nyumbani ana bei nafuu. Agizo la bei la EWURA la mwaka 2016 liliweka shilingi 100 kwa uniti, kwa anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, kabla ya kodi. Uniti zinazozidi 75 zilipangiwa shilingi 350 kila moja.

Taa 3 za wati 9, zikiwaka saa 5 kila usiku, hutumia uniti 4 hivi kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 100, hiyo ni shilingi 400 pamoja na kodi kidogo.

Hita ya wati 1,000, ikiwaka saa 5 kila usiku, hutumia uniti 5 kwa usiku mmoja. Kwa siku 30 ni uniti 150. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500. Uniti 75 zilizozidi ni shilingi 26,250. Jumla ni shilingi 33,750 kabla ya kodi. Zaidi ya hapo, anayezidisha uniti 75 mara kwa mara anaweza kuondolewa katika kundi la bei nafuu. Ataanza kulipia hata taa kwa bei ya juu.

Unaona tofauti? Fedha za hita za mwezi mmoja zinaweza kununua blanketi. Blanketi haliombi LUKU.

MSAADA UPO, UULIZE

Ndugu msomaji, msaada usioujua huwezi kuuomba. Yafahamu haya:

Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Kwa mpango wa serikali, mwananchi wa kijijini huunganishiwa umeme wa njia moja kwa shilingi 27,000. Fedha hizo hazihusu nyaya za ndani ya nyumba. Mwenye chumba kimoja au viwili aulize habari za kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari. Kifaa hicho hupunguza gharama za nyaya za ndani. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu. Usimpe mtu fedha mkononi, hata akija na ngazi.

Mwezi wa Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Katika kazi hiyo, REA imesambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku katika wilaya mbalimbali. Muulize afisa mtendaji wa kijiji kama mgao unafika kwenu, na lini.

Kaya iliyo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini inaweza kutenga sehemu ndogo ya ruzuku kwa blanketi, dari au jiko bora.

Lakini kuziba ufa hakungoji ruzuku. Udongo wa kichuguu haununuliwi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakainuka na kuchimba vyoo. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kikundi chenu kichague siku moja kwa wiki. Wiki hii kandikeni nyumba ya mjane. Wiki ijayo nyumba ya mzee asiye na watoto. Kisha ya mama mjamzito. Watu kumi wenye udongo na maji humaliza chumba kimoja kabla ya saa sita mchana.

TUMRUDIE YULE MAMA

Usiku ule mama aliliacha jiko uani. Akachemsha maji, akampikia mzazi uji. Walipomaliza kuota, akaumwagia mkaa maji mpaka ukazimika kabisa. Mtoto akawekwa kifuani pa mama yake, na kofia kichwani. Mkeka ukatandikwa juu ya majani makavu. Matambara yakaondolewa kwenye tundu la juu ya ukuta, yakawekwa chini ya mlango.

Asubuhi kulikuwa na baridi. Lakini watu watatu waliolala chumbani waliamka wote watatu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini jiko lililokolea, lisilo na moshi, bado ni hatari?
2. Nyumba za zamani na za sasa zinatofautianaje kwa habari ya hewa?
3. Watu watatu wa nyumba moja wameamka wanaumwa kichwa. Utafanya nini kwanza?
4. Kwa nini ni lazima kutoa moto kabla ya kuziba nyufa?
5. Taa moja ya wati 10 inawaka saa 10 kila usiku. Itatumia uniti ngapi kwa siku 30? (Uniti 1 ni wati 1,000 kwa saa moja.)
6. Katika kitongoji chenu, ni nyumba ya nani inayohitaji kukandikwa kabla ya Juni? Nani ataleta udongo, na nani ataleta maji?

MANENO YA KUJIFUNZA

Kaboni monoksaidi: hewa yenye sumu inayotoka kwenye moto, haionekani wala hainuki.
Dari: kitu kinachotandikwa juu ya chumba, chini ya paa.
Ruzuku: fedha ambazo serikali huchangia ili kitu kiwe na bei nafuu.
Uniti: kipimo cha umeme unaotumika.